Wageni Niliowapeleka kwa Kina Mutua

Juzi nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha fundi wa simu pale Ukunda, nikingoja anibadilishie kioo, mara akagusa waya kwa kile chuma chake cha moto na harufu ya lehemu ikapanda. Harufu hiyo hukaa puani kama ubani, ila haina baraka. Nikaiacha simu mezani, nikatoka nje nikashika nguzo. Fundi alidhani nina njaa, akanitumia mtoto wa jirani na mahamri mawili. Sikuweza kuyala.

Nitawaambia nyinyi, kwa maana tangu nilipomwambia mama sijamwambia mtu mwingine. Ile ilikuwa harufu ya nyumba ya kina Mutua.

Baba Mutua alikuwa fundi wa friji katika hoteli moja ya Diani. Alitoka bara, akanunua kiwanja mtaani kwetu, akajenga nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu. Mutua mwanawe alikuwa rika langu, miaka kumi na kidogo, na tulisoma darasa moja. Siku moja hotelini walitupa mashine ya gemu iliyoingia maji ya chumvi. Baba Mutua akaiomba, akaileta nyumbani ndani ya gunia la viazi, akakaa nayo wiki tatu mezani akichoma lehemu, akipuliza, akijisemea Kikamba. Siku ilipowaka, tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Mashine ilikuwa na sidii mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mbio za magari, na hiyo ndiyo iliyonifanya mcheza gemu mpaka leo, nina ndevu na watoto. Mutua aliendesha kwa adabu, akipunguza mwendo kwenye kona kama dereva wa askofu. Mimi sikuigusa breki. Niligundua mapema kwamba katika gemu za namna ile ukuta si adui, unaugonga, cheche zinaruka, gari linateleza na kuendelea. Hata likipinduka, linarudishwa barabarani likimetameta, bila mkwaruzo.

Ya pili ilikuwa ya magari ya vita. Gari lina mizinga kwenye boneti na roketi kwenye paa, mnatupwa ndani ya mji mtupu kisha mnawindana. Wengi hudhani anayeshinda ni mwenye shabaha. Si kweli. Anayeshinda ni anayejua mwenzake amejificha wapi. Na kwa kuwa televisheni ilikuwa moja, imegawanywa nusu kwa nusu, maficho ya mwenzako yalikuwa pale pale mbele ya macho yako, ukitaka kuchungulia. Mama Mutua alitubandikia kadibodi ya kalenda katikati ya kioo ili tusiibiane. Mimi nilikuwa nikijifanya nakohoa, nainama, naona.

"Rama, umechungulia!" Mutua alikuwa akilalama.

"Wallahi sikuchungulia."

Nilikuwa nikitoka chuo cha Kurani na juzuu kwapani, kisha naenda kuapa uongo kwa ajili ya gari lisilo na mwenyewe. Mungu anisamehe hilo, ni dogo.

Ndipo ukaja mwaka ule wa fujo. Karatasi ziliokotwa njiani zikiwaambia watu wa bara warudi kwao. Watu wazima walikuwa wakinyamaza tukiingia chumbani. Baba Mutua alipiga marufuku watoto kujazana kwake, na mlango wa mbele ukawa na komeo mchana kutwa. Mama Mutua alifungua kwa sauti anazozijua tu. Yangu ilikuwa mojawapo, nami nilitembea mtaani nikijiona mkubwa kwa sababu hiyo.

Sasa lazima niwaambie nilivyolelewa. Kwetu Wadigo, mtoto akiulizwa njia na mgeni, hamwonyeshi kwa kidole. Humtangulia mpaka mlangoni, akambishia hodi, akasubiri apokelewe. Mama alikuwa mkali kwa hilo. "Kidole ni cha kuonyeshea mbuzi aliyepotea," alisema. Nilishawahi kuchapwa fimbo mbili kwa kumnyooshea kidole mzee mmoja aliyemtafuta imamu.

Alasiri moja, karibu na bomba la maji, nilikutana na vijana watatu. Nguo zao zilikuwa safi. Mmoja alivaa jezi ya mpira, ya kijani. Niliwaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Twasikia mtaa huu pana nyumba ina mchezo wa magari. Twaweza kupata kucheza?"

Moyo wangu ulifurahi, nasema kweli. Sifa za mashine yetu zimefika kwa watu wazima! "Ni kwa rafiki yangu," nikasema. "Haya, nifuateni."

Njiani aliyevaa jezi alitembea ubavuni mwangu akiniuliza polepole, kama mjomba aliyerudi safari. Ni wangapi mle ndani? Mzee hurudi saa ngapi? Nikamjibu yote. Nikamwambia gari la hoteli humshusha saa kumi na mbili. Nikamwambia wao hulala mapema. Hakuniuliza habari ya mlango wa nyuma, hiyo niliitoa mwenyewe, ili ajue mimi si mtu wa kupita katika nyumba ile. Nilisema, "Sisi watoto hupitia nyuma. Komeo limevunjika, mlango wafungwa kwa waya tu." Akacheka, akanipapasa kichwa.

Tukafika.

"Hodi! Mama Mutua, ni mimi, Rama!"

Komeo likavutwa. Alipotuona wanne alisimama kidogo, mkono bado mlangoni. "Rama? Hawa ni nani?"

"Ni wageni wangu. Wataka kucheza."

Nadhani alitaka kuufunga. Lakini na yeye alikuwa ameishi Pwani miaka tisa, na wageni walikuwa wameshatoa salamu. Aliwakaribisha, akaenda jikoni kuwapikia chai. Mutua alikuwa ameketi mbele ya televisheni, pedi mkononi, hata kichwa hakugeuza. Kijana wa jezi hakujua kushika pedi. Nilimchukua vidole kimoja kimoja, nikamwekea kwenye vitufe, hiki cha mafuta, hiki cha roketi. Vilikuwa vidole vya moto, vina jasho. Wenzake hawakucheza. Walitazama dari, madirisha, ukumbi. Wakamaliza chai, wakashukuru.

"Una adabu wewe," aliniambia wakiondoka. "Umefunzwa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo wazee wetu.

Asubuhi ya siku ya tatu niliamshwa na moshi. Mama alinikataza kutoka, nikatoka. Paa la kina Mutua lilikuwa limeanguka upande mmoja. Watu walisimama mbali, mikono vifuani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na ule waya ukining'inia, umekatwa. Mashine ya gemu ilikuwa uani, imekanyagwa, sidii ya magari ya vita bado imo ndani. Hawakuichukua. Nilisimama nikiitazama muda mrefu, nikijaribu kuelewa kwa nini watu watembee mbali hivyo kwa ajili ya mashine, kisha wasiitake.

Baba Mutua aliuawa ukumbini. Mama Mutua na mwanawe walitorokea uwanja wa kanisa, na baada ya siku mbili lori likawachukua kuwarudisha bara. Sikwenda kuwaaga. Niliogopa kwamba Mama Mutua ataniuliza.

Nilimwambia mama jioni ile, akipeta mchele. Ungo ulisimama hewani. Akasema, "Nyamaza. Usimwambie mtu, hata babako." Kisha akaendelea kupeta. Tangu siku hiyo, mgeni akiuliza njia, mama alimwelekeza kwa kidole, nasi watoto tukafanya hivyo hivyo.

Sikuacha gemu. Huenda mkanishangaa. Nimecheza za mbio na za vita, za zamani na za sasa, na bado ni hodari wa zile za kuwindana kuliko nyingine zote, jambo ninaloona haya kulisema. Katika hizo zote sijakutana na moja ambamo adui analetwa mlangoni na rafiki, akapikiwa chai.

Mwaka jana Mutua alikuja Matuga kufuatilia faili la kiwanja cha marehemu baba yake. Ni mwalimu sasa, kipara, mcheshi. Alinitafuta mwenyewe. Tulikunywa chai, tukacheka mambo ya shule. Kisha akaiweka glasi chini.

"Mama bado anakutaja," alisema. "Anasema wale watu walikuwa wamekushikia kisu mgongoni, ndiyo maana ukaita hodi. Mtu yeyote akikulaumu, anagombana naye. Anasema, 'Rama ni mtoto wangu, hangetuletea watu hivi hivi.'" Akanitazama. "Ilikuwa kisu, sivyo?"

Nilikuwa na jibu. Nimekuwa nalo tangu nina miaka kumi.

"Mpe shikamoo yangu," nikasema. "Mwambie namkumbuka."

Mutua aliitikia kwa kichwa, akaondoka akiamini. Utotoni nilidhani dhambi yangu ni ule waya, kwamba niliutaja. Sasa naelewa kwamba mwanamke aliyefiwa na mume ndani ya nyumba yake mwenyewe alikaa akanitafutia udhuru, akaukuta, akanilinda nao miaka yote hii, nami nimemwachia. Ni mzee sasa, na mimi najua nauli ya kufika kwake.

Hakukuwa na kisu. Niliwaamkia, wakaitikia, nikatangulia mbele.