Fundo la Mtu wa Shoto

Mtaani hakuitwa kwa jina. Alikuwa Kidole Kimoja, kwa sababu pikipiki iliyotoka mikononi mwake uliisimamisha kwa kidole kimoja, na ukibisha alikunyima ufunguo mpaka ujaribu. Mafundi wengine walitoa upepo kwenye breki ya mbele kama watu wanaokimbia mvua. Yeye kwanza aling'oa ule mpira wa mafuta uliochoka, unaofura kama shavu kila ukikamata breki, akafunga wenye wavu wa chuma. Ndipo akapampu taratibu, akigonga mpira kwa mpini wa bisibisi mpaka vipovu vipande juu. Mwisho aliubana mkono wa breki kwenye usukani kwa ukanda wa tyubu, akauacha ulale hivyo hadi asubuhi.

"Kuna vipovu vina kiburi," alisema. "Havitoki mbele za watu."

Alikuwa wa shoto. Ukanda wake ulizunguka kinyume na wa watu wote, fundo likakaa upande wa tangi.

Uzee ulimwanzia vidoleni. Mkewe ndiye aliyeona, siku shuka lilipomshinda kukamua.

"We mzee, shuka linakutoa jasho?"

"Sabuni yako inateleza."

Jeuri ilikuwa haijazeeka. Karakanani alikamata breki na kujisifu: "Jiwe hili! Halina upepo hata chembe. Siku hizi ndiyo nazipatia kweli."

Asubuhi moja alimtangulia mwanawe kazini. Pikipiki ya muuza maziwa ilikuwa pale alipoiacha, mkono wa breki umefungwa. Lakini fundo lilitazama nje. Akasimama akilitazama mpaka kijana akaingia na chupa ya chai.

"Nani kagusa breki yangu?"

"Baba, kunywa chai kwanza."

"Nimekuuliza chai?"

Kijana akatua chupa. "Mkono ulikuwa unafika mpaka kwenye usukani, baba. Upepo ulibaki."

"Hii tu?"

Kijana akafungua kifuniko cha chupa.

"Nakuuliza wewe! Hii tu?"

"Zote. Tangu mvua zilizopita. Nakungoja uende nyumbani, nazirudia."

"Yaani unanibembeleza kama mtoto mchanga?"

"Ningekwambiaje? Wewe unaambilika?"

Mzee akafungua ukanda, akakamata breki. Jiwe. Akaiendea pikipiki kuukuu iliyoletwa jana kwa kuvutwa, breki imekufa kabisa, akaikamata nayo. Jiwe vilevile. Hapo akaelewa. Si breki zilizokuwa zimekaza, ni vidole vyake vilivyokuwa vimefika mwisho wa nguvu zao.

Muuza maziwa akaja, akajaribu kwa kidole kimoja, akacheka hadi magego.

"Mzee, hamna kama wewe!"

"Mshukuru huyo."

"Baba ndiye aliyefunga," kijana akadakia, macho chini.

Huruma ile ilimchoma kuliko tusi. Mgeni alipoondoka, mzee akatoa mfukoni spana namba nane ya kutolea upepo, akaibwaga mbele ya mwanawe, akavuta kigoda na beseni la petroli, akaanza kuosha nati.

Yuko hapo hadi leo. Wateja wakiita kutoka barabarani, "Kidole Kimoja yupo?" yeye hufungua kinywa.

"Nipo!" hujibu kijana, akifuta mikono.

Mzee hukifumba kinywa, akaichukua tena nati iliyokwisha takata.