Mama Alipolima Mawe

Kwetu Ufipa, harufu ya nyasi zinazooza chini ya udongo ni harufu njema. Ndiyo harufu ya ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia nyasi ndani yake ili zirutubishe mazao ya msimu ujao. Mwaka nilipokuwa darasa la tatu, harufu hiyo ilitoka nyuma ya nyumba yetu Kizwite, kwenye kingo za bwawa la perege la mama, nami nikaivuta kwa furaha nisijue kwamba ni dalili mbaya. Mama alikuwa mkulima hodari, basi kabla ya kupanga mawe kwenye mteremko wa kingo alitandaza nyasi na kuzifukia, kama afanyavyo shambani. Mvua zilipokolea, nyasi zikaoza, udongo ukalegea, mawe yakaporomokea majini. Baba, Mnyakyusa aliyeletwa Sumbawanga na kazi ya serikali, alitoka na mwavuli akatazama, akasema kingo zikibomoka tena atalifukia bwawa apande migomba. Nililia sana, maana perege wale niliwapenda kuliko kuku wetu wote.

“Kuteleza si kuanguka, baba Neema,” mama alimwambia.

“Mawe yako yameteleza na yameanguka pia, mama Neema.”

Mama akayatazama mawe yake, akaangua kicheko. “Kumbe nimeyalima!”

Mimi na mama tulipunguza maji, tukang'oa nyasi zote, tukachimba mfereji chini ya mteremko na kuzamisha humo mawe makubwa yawe msingi. Mengine tuliyapanga juu yake yakiegemea udongo, na mianya tukaishindilia kokoto na udongo wa mfinyanzi. Maji yalikuwa baridi ya kutia ganzi vidole. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga kila jiwe. Likicheza, mama analitoa na kulipanga upya bila kununa. Kisha mvua ikanyesha kutwa nzima, nami nikashinda dirishani roho mkononi. Halikutoka jiwe hata moja. Nilifurahi mno, nikacheza matopeni mpaka nikagombezwa.

Siku hizi majirani humwaga zege, kazi ikaisha upesi, na sina ugomvi nao. Baba amestaafu, na ndiye anayewalisha perege. Nilipokwenda kuwasalimu wazazi juzi, mgeni mmoja alikuwa akimshauri ayaondoe mawe yale ya kizamani.

“Mawe haya niliyapanga kwa mkono wangu,” baba alimjibu kwa ukali. “Hayatoki!”

Mama, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, alinikonyeza tu.