Salfa kwenye Marando

Mwaka uliofuata mvua kubwa za El Nino, shamba letu la Mkongani lilikuwa na matuta matatu tu ya viazi vitamu. Marando yake, yale mashina ya kupanda, mke wangu aliyatoa kwao Mwabungo, kwa marehemu mama yake. Huko kwao yaliyobaki yote yalikuwa yameoza kwa maji. Mbegu ile ilibaki kwetu peke yetu, nayo ilikuwa bado changa, haijatia viazi.

Kisha wakaja mbawakawa, wadogo kama punje za choroko, rangi ya dhahabu, wenye gamba pana kama la kobe. Walitoboa majani yakawa kama chujio. Siku moja nilichuchumaa nikamtazama mmoja akivamiwa na sisimizi. Alivuta miguu yote ndani, akaligandamiza gamba kwenye jani. Sisimizi alizunguka akitafuta upenyo mpaka akachoka. Viwavi wao walikuwa na njia nyingine: kila mmoja alibeba juu ya mkia ngozi zake kuukuu na kinyesi chake, na alipoguswa aliugeuza mzigo huo upande wa adui. Sisimizi aliuma uchafu, akarudi nyuma akijipangusa mdomo.

Mke wangu aliwaokota kwa mkono kila asubuhi, akiwatia kwenye mkebe wa majivu. Niliiona ni kazi ya mtu asiyesoma. Mimi nilikuwa na kidato cha nne, na ghalani mlikuwa na salfa ya kupulizia mikorosho.

"Bwana, mkorosho na kiazi wamezaliwa tumbo moja?" aliniuliza.

"Dawa ni dawa."

"Haya, msomi. Basi niachie japo kona moja."

Sikumwachia. Alipokwenda matangani, nilinyunyiza unga wote wa salfa, tuta kwa tuta, adhuhuri jua likiwaka. Siku ya tatu marando yalikuwa yameungua hadi mizizini. Salfa ile ni ya ukungu wa mimea, si ya wadudu. Nilikuja kuisoma karatasi yake baadaye. Mbawakawa niliwakuta kwenye mtambaazi wa mwituni, kandokando ya shamba, wazima.

Mke wangu alikwangua shina moja moja kwa ukucha akitafuta palipo na ubichi. Hakupata. Aliniuliza ilikuwaje. Nilimjibu kwamba salfa iliharibika kule dukani.

Haikuwa imeharibika. Mke wangu alikufa bila mimi kumwambia hivyo.