Jina Nililompa Mutua

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nimeikimbia miaka mingi. Nimekaa Lukenya, nimekaa Mombasa, nimekaa Kisumu, na kila ninapofika naikuta imenitangulia. Nakuambia leo kwa sababu jana nilikusikia ukicheka kwenye simu: “Huyo amechizi, msikae na yeye.”

Nilikuwa kidato cha tatu, kwetu karibu na Masii, dawati moja na Mutua. Muhula ule aliacha kula, usingizi ukamhama, akaanza kuongea peke yake akitazama ukuta. Mimi ndiye niliyembandika jina la Redio. Darasa zima lilicheka, nami nikajiona hodari. Ulimi hauna mfupa. Baada ya muda mfupi akarudishwa nyumbani.

Jumamosi iliyofuata, mwethya wetu, lile kundi la majirani wanaolimiana kwa zamu, ulikuwa uchimbe matuta kwa mama yake Mutua kabla ya mvua. Wengi hawakutokea. Walinong'ona kwamba nyumba ile ina laana. Mimi nilisimama barabarani, jembe begani.

“Wewe, mbona umesimama hapo kama kigingi?” akaniita Mama Nduku, aliyeongoza kundi.

“Siingii kwa Redio mimi. Akinirukia je?”

Hakupaza sauti. “Mwaka jana ulipovunjika mguu, nani alikuwa akikubeba mgongoni kwenda shule?”

Nikahamishia jembe bega la pili.

“Si Mutua? Na sisi tukaja kumlimia mama yako. Kuna mtu alikuita Kiwete? Sasa mwenzako ameumia mahali pasipofungwa plasta, wewe unamchekea barabarani!”

Nilipogeuza uso, Mutua alikuwa nyuma ya ua wa mikonge, ameshika jagi la maji ya wachimbaji. Alikuwa amesikia yote.

Nililima siku ile bila kuinua macho. Utadhani nilikoma. Sikukoma, mwanangu. Mutua alitibiwa, akapata nafuu, akarudi shuleni. Alipoingia darasani, mmoja akaita kutoka nyuma, “Redio imewaka!” Mutua hakumtazama aliyeita. Alinitazama mimi. Neno moja tu lingetosha, lakini niliinamia kitabu. Wiki haikuisha kabla hajaacha shule, na hakurudi tena.

Hujafa hujaumbika. Miaka baadaye, nikivunja mawe Lukenya, mimi nami nilikosa usingizi, nikaanza kuona heri nisiwepo. Nilijua napaswa kwenda hospitali. Kilichonizuia ni kwamba nilijua vizuri mtu kama mimi huitwa nani. Nilijificha muda mrefu kabla ya kumwambia mtu. Nilipofika hatimaye, daktari hakunicheka. Alivuta kiti tu, akaniambia niketi.

Basi sikia, mwanangu. Akili huugua kama mguu unavyovunjika, na hutibiwa. Kesho nenda ukakae na huyo mwenzako. Wakimcheka, sema lile neno ambalo mimi nilishindwa kusema. Na siku moyo wako mwenyewe ukikulemea, usijifiche kama mimi. Niambie, au mwambie mwalimu wako, twende hospitali pamoja. Sitakuuliza umekosa nini.

Mungu akulinde akili na ulimi, mwanangu. Na akupe mgongo kama wa Mutua.