Usiseme "Tayari" Kabla ya Kuparua Bodi

Mwanangu, wewe unayejifunza umeme wa magari kwenye simu, kaa kidogo nikusimulie siku tuliyowasha injini ya Mama Kabula. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi umeme katika gereji ya Mzee Nkwabi hapa Bariadi, na kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko kofia yoyote. Ukitaka kucheka, cheka.

Mama Kabula alikuwa mjane kutoka kijiji cha Kasoli. Mumewe alimwachia pikapu ya zamani sana, ya aina ambayo hata wakati ule huku kwetu ilikuwa imebaki hiyo moja. Ilikaa uani miaka mingi, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Watu walimshauri aiuze kama chuma chakavu, akakataa, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha marehemu ambacho ndugu hawakukichukua. Alipotuletea gerejini, tukaishusha injini, tukaifumua yote, tukaisuka upya kwa miezi minane, spea zikitafutwa hadi Mwanza. Ikiungua, hakuna nyingine. Hilo tulilijua sote.

Kazi yangu ilikuwa kuvuta nyaya. Nilizivuta vizuri, siwezi kujinyima sifa: zimenyooka, zimefungwa tepu nyeusi, kila moja mahali pake. Mzee Nkwabi alikuwa na mtindo wake wa kukagua. Alishika waya mmoja mmoja akiuliza kwa sauti, "Moto huu unakwenda wapi, na unarudi wapi?" Sisi mafundi tunauita umeme moto, na njia yake ya kurudi kwenye betri ni bodi ya gari yenyewe. Kwa hiyo pale waya wa bodi unapofungwa kwenye injini, lazima uparue rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, maana rangi haipitishi moto. Mimi niliyaona maswali yake ya chekechea.

Siku moja kabla ya kuwasha, niliipaka injini rangi ya fedha ili wageni waione inameta. Nilipaka kila mahali. Waya wa bodi nikaukaza juu ya rangi, nikijiambia nitaparua kesho.

Kesho yake asubuhi Mama Kabula akafika na shemeji zake wawili. "Mwangaluka," akatusalimu, tukaitikia. Mzee Nkwabi alikuwa ameshaweka gunia lililoloa maji karibu na injini, na kichwa cha waya wa betri hakukikaza, alikipachika tu. Ndivyo alivyofanya kila injini iliyosukwa ilipowashwa mara ya kwanza, nasi vijana tulimcheka chinichini. Akanigeukia mbele ya wageni.

"Bodi umeparua?"

"Tayari, mzee."

Neno moja tu, mwanangu. Wala sikuwa nimesahau. Nilikumbuka vizuri kabisa kwamba sijaparua. Niliona aibu kufungua bolti mbele ya watu na kuikwangua rangi yangu nzuri.

Nikazungusha ufunguo. Starta ikaguna, ikanyamaza. Nikazungusha tena, nikang'ang'ania. Moto ulikwenda kwenye starta, ukakosa pa kurudia, ukajitafutia njia kwenye waya mwembamba wa choki unaotoka kwenye dashibodi hadi kwenye kabureta. Waya ule ukawa mwekundu kama kaa la jiko. Plastiki yake ikayeyuka, na pale kwenye kabureta, penye petroli, ukachomoza moto mwingine, huu wa kupikia.

Mkono mmoja wa Mzee Nkwabi ulikichomoa kichwa cha betri, mwingine ukafunika kabureta kwa gunia. Moto ukazimika. Mimi bado nilikuwa nimeshika ufunguo.

"Kumetokea nini?" Mama Kabula akauliza.

"Tumesahau njia ya kurudi, mama," mzee akasema.

Alisema tumesahau. Yeye, aliyeuliza! Nikaona haya. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho, ila mzee alikuwa ananirefushia kwa huruma yake. Nikashindwa kuipokea.

"Si sisi, mama. Ni mimi. Nilisema tayari, na nilikuwa sijaparua."

"Wabeja kwa kusema," Mama Kabula akanishukuru kwa Kisukuma chetu. "Haya, parua. Nasubiri."

Nikaparua. Waya wa choki tukautengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli. Saa nane mchana injini ikawaka, ikakohoa, ikatulia, na Mama Kabula akaweka kiganja kwenye boneti akilia bila kujificha. Nami nililia, usimwambie mtu.

Wageni walipoondoka, Mzee Nkwabi aliniita. "Kukosea kwako nimekuzoea," akaniambia. "Ila ukiniambia tayari, mimi naweka mkono wangu juu ya neno lako." Hapo ndipo nilipouona mkono wake: nyuma ya vidole ngozi ilikuwa imebabuka.

Basi nasaha yangu ni hii. Usiseme tayari kwa kuwa watu wanakutazama. Sema bado, hata wageni wakiwa wamesimama juani. Aibu ya bado huisha kabla chai haijapoa. Mficha uchi hazai, na kosa unalolifunika kwa rangi hakuna atakayekusaidia kulirekebisha. Na mkubwa akikuuliza swali unaloliona la kitoto, mjibu ukweli, maana huenda anatafuta mahali salama pa kuweka mkono wake.

Mungu akubariki kwa mikono hodari, ng'wanawane, mwanangu, na wenzako wasiungue kwa neno lako.