Mwajiri Aliyekuja Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa soksi mbili kila mguu, kwa sababu viatu vilikuwa vya marehemu baba na yeye alikuwa mtu mkubwa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini. Mtwara ya wakati huo ilikuwa vumbi na vigingi vya wapima ardhi. Ukimwuliza mtu njia, alikuelekeza kwa majengo ambayo hayajajengwa: pita pale itakapokuwa posta, kata kushoto kwenye benki. Mradi wa karanga ulikuwa umeanza huko bara, reli inatandikwa, bandari inachimbwa, na kila mwenye mdomo alisema kuwa makarani watahitajika kama chumvi. Ndipo ikafunguliwa shule ndogo ya biashara, jengo la mabati upande wa Chuno, nami nikaajiriwa kuwa karani wa nafasi.

Ninyi mnaosoma biashara siku hizi mna ofisi nzima za kuwashauri juu ya ajira. Sisi tulikuwa na mimi. Karani wa nafasi hakufundisha, ingawa vijana waliniita mwalimu. Kazi yake ilikuwa kumtafutia kila anayemaliza mahali pa kufanyia kazi. Nilipokea barua za waajiri, niliandika barua za sifa, yaani karatasi inayoeleza tabia na uwezo wa kijana, tena niliwazoeza mahojiano. Nilikaa nyuma ya meza nikajifanya Mzungu, kijana akaingia, akasimama mpaka aambiwe akae. Wengi walikaa kabla. Niliwatoa nje, wakaingia tena, mara kumi ikibidi.

Ukutani palikuwa na ubao wenye misumari. Kila msumari ulikuwa wa mwajiri mmoja: bandari, reli, mashamba ya mkonge, idara hii na ile. Kila mwanafunzi alikuwa na kadi yake. Mwajiri akishajaza fomu, nakala tatu kwa karatasi ya kaboni, kadi ya kijana ilitundikwa kwenye msumari wake, na hapo tulisema kijana amefungwa. Aliyefungwa hakuruhusiwa kutafuta kwingine, hata kama mwajiri angechelewa mwaka mzima kumwita.

Utaratibu huo aliuweka Mkuu wa Shule, Mwingereza aliyetoka jeshini, kwenye ghala za chakula. Siku ile ile ya kwanza alinisimamisha mbele ya ubao.

“Karani,” aliniambia, “bila fomu hakuna kijana. Atakayekuja bila fomu mrudishe. Hapa si sokoni.”

Nilimwamini. Niseme ukweli, nilimwabudu. Nilikuwa na miaka ishirini na ushee, nina meza, nina kalamu ya wino, na watu wazima wananisubiri mlangoni. Karani Mkuu, mzee wa Lindi aliyeanza ukarani tangu enzi za Mjerumani, alinitazama nikiunyoosha ubao ule kila asubuhi, akacheka.

“Bwana mdogo,” alisema, “misumari haiajiri mtu.”

Nikamwona mzee amepitwa na wakati.

Katika kundi la pili alikuwemo kijana anaitwa Selemani. Kwao ni kijiji kimoja cha mihogo na mikorosho karibu na mlango wa Ruvuma. Baba yake alikwisha kufa, akalelewa na mjomba, na kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno. Selemani aliandika hati mkato, ile ya kunasa maneno ya mkubwa anavyosema, bila kuinua macho. Alipiga taipu vidole vikiwa vimefunikwa kitambaa, wala hakukosea. Zaidi ya hayo alijua kusema na watu: Kimakonde, Kimakua, Kiyao, Kiswahili, na Kiingereza cha kumtosha. Mtu mwenye hasira akizungumza naye dakika mbili, hasira inaisha.

Mjomba wake alimleta mwenyewe, akaniambia mbele yake, “Mwalimu, ntoto huyu nimewapa misimu miwili. Wa tatu ukifika bila kazi ya kalamu, namchukua. Nina mashamba, nina wadogo zake, mie mgongo umekwisha. Atakwenda kwenye nkonge na wenzake.”

Selemani alitazama chini. Aliogopa mkonge kuliko kitu chochote, kwa kuwa kaka yake alikwenda huko na hakurudi. Alinifuata nje mjomba alipoondoka, akasema, “Mwalimu, nitafutie yoyote. Hata ya kufagia ofisi, nitapanda taratibu.”

“Wewe hufagii,” nikamwambia. “Wewe nitakuweka bandarini.”

Nilikuwa na nafasi moja ya karani wa tali, yule anayesimama gatini akiandika alama za kila mzigo unaoshuka. Ilikuwa nafasi ya heshima, yenye kofia. Nilitundika kadi yake kwenye msumari wa bandari, nikamwambia asubiri, nikajiona nimemaliza.

Baada ya wiki kadhaa, Jumamosi asubuhi, aliingia ofisini Bwana Rajabali. Alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi, Mwislamu, mzaliwa wa Mikindani kama baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa amevaa kanzu safi na koti. Alinisalimu, akaniuliza hali ya nyumbani, ya jamaa, ya kazi. Mimi nikajibu kwa mkato, kalamu mkononi.

“Nimekuja kwa habari ya Selemani,” alisema mwishowe. “Watu wa kwao huleta korosho dukani kwangu. Nimemwona akisema nao, nimemwona akiniandikia barua ya Kiingereza nikiwa nimekwama. Nafungua kituo cha kununua korosho kule chini, Ruvuma. Nataka awe msimamizi wangu. Leo anajifunza, kesho kituo ni chake kukiendesha. Sijamwambia yeye wala mjomba wake. Kijana yuko mikononi mwako, si adabu kumtamanisha kabla hujaniruhusu. Ukisema ndiyo, kwa mjomba nitakwenda leo hii.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya wafanyabiashara wale wa pwani. Hawakuandika. Mtu mzima alivaa, akaja mwenyewe, akamwomba kijana kwa mdomo kutoka kwa anayemshikilia, kama mtu anayeposa. Kuja kwake ndiyo ilikuwa barua ya sifa. Na aliomba mara moja tu. Mimi nilizaliwa pwani hii hii, nilijua kabisa. Lakini nilikuwa nimevaa viatu vya ofisi.

Nilifungua droo, nikamsogezea fomu.

“Jaza hizi nakala tatu, Bwana Rajabali. Hapa ueleze aina ya biashara yako, hapa uandike majina ya watu wawili wanaoweza kuthibitisha tabia yako.”

Alizitazama karatasi bila kuzigusa. “Tabia yangu mimi?”

“Ndiyo utaratibu. Isitoshe, kijana amefungwa na bandari. Huyu ni msomi, hawezi kwenda kukaa porini na korosho.”

Kisha akasimama, akaweka sawa koti lake. “Basi, mwalimu. Nisije nikaonekana naiba mtoto wa watu. Nitangoja Ijumaa tatu. Ukibadili mawazo, duka unalijua.”

Karani Mkuu alikuwa amesikia yote kutoka chumba cha pili. Alikuja mbio, miwani imemshuka puani.

“Mfuate! Chukua baiskeli yangu, mfuate sasa hivi umwombe radhi!”

“Na fomu, mzee?”

“Fomu kitu gani? Mtu kakuletea riziki ya mtoto mpaka mezani, wewe unamwomba cheti cha tabia!”

Sikwenda. Kwa nini sikwenda? Nimejiuliza kwa miaka yote iliyofuata. Nilimwogopa Mkuu wa Shule, hilo ni kweli. Lakini zaidi niliona aibu kuonekana nikikimbia na baiskeli nyuma ya mwenye duka. Tena sikumwambia Selemani. Nilijiambia kuwa nitamchanganya akili.

Ijumaa tatu zikapita. Nikangoja, naye akangoja bila kujua nini kinampita, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Barua ya bandari ilipofika ilikuwa fupi: nafasi zote za makarani wapya zimesimamishwa. Karanga zilikuwa zimekataa kule bara, mizigo iliyotarajiwa haipo, na nafasi zilizoitegemea zikaanza kukauka. Mkuu wa Shule aliisoma barua, akaniambia niondoe kadi, basi, kama anayeniambia nifunge dirisha.

Siku hiyo ndipo nilipoazima baiskeli. Nilifika Mikindani nguo zimeniganda mwilini. Bwana Rajabali alinipa kiti na maji ya kunywa, hakunisema vibaya, na hilo liliniumiza zaidi.

“Nimekwisha kumchukua kijana mwingine,” alisema. “Si kama Selemani, lakini nimempa neno langu.”

Nilimtembeza Selemani kila mahali. Reli, maduka, idara, misheni. Barua zake za sifa niliziandika mpaka karatasi ya kaboni ikapauka. Kila mahali ilikuwa vilevile, wanapunguza watu, hawaongezi. Msimu wa tatu ukafika. Mjomba alikuja mapema asubuhi, wakati wa kufyeka mashamba, akasimama mlangoni bila kuingia. Selemani alikunja shati lake la mahojiano, akalifunga kwenye kanga, akanishika mkono.

“Asante, mwalimu. Umehangaika sana.”

Alikata mkonge miaka mingi. Katika mwaka wa pili ncha ya jani ilimtoboa jicho la kulia.

Shule ile haikudumu. Nilihamishiwa Lindi chini ya Bwana Ajira, yaani ofisa wa serikali wa mambo ya kazi, kisha Songea, kisha nikarudi Mtwara, safari hii mimi nikiwa Karani Mkuu. Korosho nazo zilipanda kila mwaka. Kijana yule aliyechukuliwa badala yake alikiendesha kituo cha Ruvuma akawa mtu wa kutajwa. Kila nilipopishana na lori la magunia yale nilitazama upande mwingine. Nilipostaafu waliniandalia chai, wakasema nimewafungulia watu wengi milango ya kazi. Nilipiga makofi pamoja nao.

Vijana, sina busara ya kuwagawia. Wengine wa rika langu wakiandika hivi humalizia kwa kusema wakizaliwa tena wataichagua kazi ile ile. Mimi sisemi hivyo. Nilipewa watu nami nikatunza karatasi, na hakuna cha kunifariji katika hilo.

Miaka michache baada ya kustaafu, Selemani alikuja kwangu, Magomeni ya Mtwara, na binti yake wa mwisho. Binti alitaka kusomea biashara, naye akamleta nimshauri. Alikuwa amezeeka kunizidi, ingawa mimi ndiye mkubwa. Alinipa shikamoo kama zamani, akakaa mkekani, akamwambia binti, “Huyu ndiye mwalimu aliyezunguka na mimi mji mzima.”

Tulikunywa chai. Kisha akanigeuzia lile jicho lake moja.

“Mwalimu, nikuulize jambo la zamani. Wakati ule, kweli hakutokea hata mmoja aliyenitaka?”

Bwana Rajabali alikuwa amekwisha kufa. Karani Mkuu pia. Nilikuwa mtu wa mwisho duniani anayejua.

“Hata mmoja,” nikasema. “Wakati ulikuwa mbaya.”

Alitikisa kichwa polepole, bila kinyongo. “Nilijua. Wanasema chema chajiuza. Mimi ulinitembeza mpaka ukachoka. Ningekuwa nafaa, angetokea mtu.”

Binti alimtazama baba yake, akanitazama na mimi. Nikamwuliza amefaulu masomo gani.