Maswali Kabla ya Hadithi

Juzi, nikisimamia mtihani wa Kiingereza, niliwaona wanafunzi wote wakifungua kwanza ukurasa wa mwisho. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Nilipokuwa mdogo hapa Dubai, mama alifanya usafi katika shule moja ya Wachina. Alasiri moja mwalimu aliniruhusu nikae nyuma ya darasa la wanafunzi wakubwa, waliokuwa kwenye mtihani wa kusoma na kuelewa.

"Tulia mwanangu," mama alininong'oneza. "Namalizia korido, khalas, twende."

Chumba kilinuka dawa ya sakafu. Nje nilisikia ndoo yake ikikwaruza. Ghafla karatasi zote ziligeuzwa mpaka mwisho, midomo ikacheza bila sauti. Juu ya bega la dada aliyekaa mbele yangu, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikasoma swali: kwa nini mama hakurudi?

Ndoo ikanyamaza.

Yule dada akarudi mwanzo wa karatasi, polepole, kutafuta sababu. Niliamini kwamba wanafunzi wale huyajua mambo kabla hayajatokea.

Mama alirudi, akaniuliza mbona nang'ang'ania nguo yake.

Siku hizi nami nawafundisha wanafunzi wangu mbinu ileile: maswali kwanza, hadithi baadaye. Ila kabla sijageuza karatasi, humpigia mama simu. Asipopokea, nasubiri.